Fumbo la Kale Katika Kinywa Kipya: Hadithi za Twilight Zone Zilizofufuliwa

Wazee wetu walisema, Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Neno hili latufundisha kwamba fumbo lina watu wawili, yeye alitoaye na yeye alipokeaye, na kazi ya kulimaliza ni ya huyu wa pili. Mtu akitoa fumbo kisha akalifumbua mwenyewe papo hapo, amemdharau mwenziwe. Na akilifunga mno hata lisifunguke, amejisemea peke yake. Kati ya makosa hayo mawili ndimo ipitamo njia ya mtambaji hodari, nayo ni njia nyembamba.

Tena watu hawasemi kwa mafumbo kwa sababu moja tu. Wako wasemao hivyo kwa kuwa neno lenyewe likitajwa wazi laweza kuwaletea hatari. Wako wengine ambao wasikilizaji wao wamekwisha kulisikia neno wazi mara nyingi hata masikio yakaota sugu. Basi hulipitisha kwa mlango wa uani. Na wako wapendao utamu wa hadithi tu, wala hatuwalaumu.

Twataka leo kulitazama swali moja juu ya mambo haya. Ikiwa hadithi zilitungwa kwa mafumbo kwa kuogopa makatazo, kisha makatazo yale yakaondoka, je, mafumbo yale yana kazi gani tena? Mfano mzuri wa kulipimia swali hili tumeuona katika televisheni ya Marekani, ambako hadithi mashuhuri za zamani zilifufuliwa na watu wa siku zetu. Tumetazama tatu za kwanza katika hizo mpya, na haya ndiyo tuliyoyaona.

ASILI YA HADITHI HIZI

Tarehe 2 Oktoba 1959 shirika la CBS lilianza kuonyesha mfululizo wa hadithi uitwao The Twilight Zone. Maana ya jina hili ni kama kusema Nchi ya Utusitusi, yaani mahali ambapo si mchana wala si usiku, na mtu hawezi kujua kama kile akionacho mbele yake ni kisiki au ni mnyama. Haukuwa kama ile mifululizo mingine ambayo watu wale wale hurudi kila juma na shida zao zile zile. Kila hadithi ilisimama peke yake, ina watu wake, mahali pake na mwisho wake. Mambo yaliyoziunganisha yalikuwa jina, muziki wa mwanzo, na mtambaji aliyezifungua na kuzifunga. Nyingi zilikuwa za nusu saa pamoja na matangazo ya biashara, na picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe. Hata mfululizo ulipokwisha mwaka 1964, hadithi 156 zilikuwa zimeonyeshwa.

Mtambaji huyo, ambaye ndiye aliyeianzisha kazi yote, alikuwa Rod Serling. Alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Syracuse, jimbo la New York. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa mwavuli, akapigana katika visiwa vya Ufilipino, akarudi kwao ana jeraha mwilini na ndoto mbaya za vita usiku. Katika zile hadithi 156, aliandika kwa mkono wake 92. Alifariki mwaka 1975, umri wake miaka 50.

Je, mtu huyu alifikaje kwenye mafumbo? Yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, maana bila hilo hukumu yetu haitaeleweka. Mwezi wa Agosti 1955, kijana mmoja mweusi wa Chicago jina lake Emmett Till, mwenye umri wa miaka 14, alikwenda kuwatembelea jamaa zake katika jimbo la Mississippi, akauawa huko kwa ukatili mwingi. Wanaume wawili weupe walishtakiwa. Wazee wa baraza waliokaa kuisikiliza kesi, wote weupe, wakawaachilia. Baada ya miezi michache watu wale wawili wakakiri katika gazeti kwamba ndio waliomwua.

Serling alitaka kuandika mchezo wa televisheni juu ya jambo hilo. Lakini wenye kulipia matangazo ya biashara waliogopa kuwaudhi wanunuzi wa majimbo ya kusini. Mchezo ulipoonyeshwa mwaka 1956, kwa jina la Noon on Doomsday, aliyeuawa hakuwa kijana mweusi tena, wala mahali hapakuwa kusini, bali pamehamishwa mpaka New England, kaskazini kabisa. Serling alisimulia baadaye kwamba hata chupa za soda ziliondolewa katika picha, kwa kuwa soda ile iliwakumbusha watu habari za kusini. Mwaka 1958 alijaribu tena katika mchezo uitwao A Town Has Turned to Dust. Safari hii akalazimika kuirudisha habari nyuma mpaka karne ya 19, na kumfanya aliyeuawa kuwa Mmeksiko.

Ndipo alipokimbilia Nchi ya Utusitusi. Aliona kwamba neno ambalo mtu wa kawaida hakubaliwi kulisema, kiumbe atokaye katika nyota aweza kulisema wala hakuna wa kulikata. Tazameni hadithi yake iliyoonyeshwa Machi 1960, The Monsters Are Due on Maple Street. Katika mtaa mmoja wa watu wema, jioni moja, taa zazimika na magari hayawaki. Kijana mmoja asema amesoma katika kitabu kwamba wageni kutoka nyota za mbali hujifanya watu na kukaa kati ya watu. Basi jirani aanza kumtazama jirani. Yule ambaye gari lake liliwaka lenyewe, huyo ndiye! Yule asiyelala usiku, akasimama uani kutazama nyota, huyo ndiye! Kabla ya usiku kwisha, bunduki imelia na mtu asiye na kosa amelala chini, na mtaa mzima wapigana mawe. Mwisho twawaona wageni wenyewe wako juu ya kilima. Hawakufanya kazi kubwa; wamezima taa na kuwasha taa, na watu wenyewe wakafanya yaliyobaki.

Hapana rangi ya mtu iliyotajwa katika hadithi hii, wala dini, wala chama. Lakini ye yote aliyeishi mahali ambapo jirani alitajwa kwa uchawi, au kwa kabila lake, au kwa siasa zake, anajua inasema nini. Imesomeshwa katika shule nyingi za Marekani, na ingefaa kusomeshwa katika zetu.

Lakini tusisahau bei yake. Serling alipata kusema juu ya chuki zote kwa kukubali kutolitaja jina la ile chuki moja iliyomwudhi kwanza. Alijaribu kuusogeza mpaka kidogo: mwezi wa Aprili 1960 alionyesha The Big Tall Wish, habari ya bondia na mtoto amwombeaye, na karibu watu wote katika hadithi hiyo walikuwa weusi. Kwa siku zile hilo lilihitaji ujasiri. Walakini mama mweusi na mtoto wake mbele ya mtu mwenye bunduki hawakupata nafasi yao katika utusitusi ule. Jambo hilo lilingoja miaka 59.

WALIOZIFUFUA

Waliojaribu kuzifufua hadithi hizi ni wengi. Mwaka 1983 ilitengenezwa filamu ya sinema. Toka 1985 hata 1989 ulikuwako mfululizo mpya, na mwingine tena toka 2002 hata 2003. Huu tunaousema sisi ulianza tarehe 1 Aprili 2019, nao haukuonyeshwa kwa minara ya televisheni kama ule wa kwanza, bali kwa intaneti, katika mtambo wa kulipia wa CBS All Access, ambao tangu 2021 jina lake ni Paramount+. Zilitolewa hadithi 10 mwaka 2019 na nyingine 10 mwaka 2020, kisha wenyewe wakasema yatosha. Sisi tumetazama tatu tu za mwanzo. Mtu hawezi kuuhukumu uji wa chungu kizima kwa vijiko vitatu, lakini kwa vijiko vitatu atajua kama umeungua.

Mtambaji wa sasa ni Jordan Peele, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1979. Kwanza alijulikana kwa vichekesho alivyofanya pamoja na mwenziwe Keegan-Michael Key. Mwaka 2017 akatoa filamu ya kutisha iitwayo Get Out, na kwa hadithi ya filamu hiyo akapewa tuzo ya Oscar mwaka 2018, mtu mweusi wa kwanza kuipata tuzo ile ya mtunzi wa hadithi mpya ya filamu. Siku chache kabla ya hizi za Twilight Zone kuanza, alitoa filamu nyingine, Us, ambayo mwigizaji wake mkuu ni Lupita Nyong'o wa Kenya.

Nasi Waswahili tuna sababu ya kumjua zaidi. Mwanzoni mwa Get Out waimbaji waimba kwa Kiswahili, katika wimbo uitwao Sikiliza Kwa Wahenga, uliotungwa na Michael Abels. Ni sauti za wahenga zimwonyazo kijana aliye katika hatari, naye hafahamu lugha yao. Hilo nalo ni fumbo, tena zuri, kwa kuwa hapana mtu katika filamu asimamaye kulieleza. Basi tulikuwa na matumaini makubwa kwa mtu huyu.

HADITHI YA KWANZA

Hadithi ya kwanza yaitwa The Comedian, maana yake Mchekeshaji. Samir ni kijana mchekeshaji ambaye watu hawamcheki. Ataka kusema juu ya mambo makubwa ya nchi, juu ya sheria ya bunduki, na ukumbi wanyamaza kimya. Mzee mmoja aliyekuwa mashuhuri katika kazi hiyo amshauri awape watu mambo ya maisha yake mwenyewe. Ila amwonya kwamba akishawapa, yamekuwa yao, hayatarudi. Basi Samir ataja mbwa wake, na watu wavunjika mbavu. Arudi nyumbani, mbwa hayuko, wala hakuwako kamwe. Kisha ataja kijana wa jamaa, naye atoweka, na hapana amkumbukaye. Baadaye Samir aanza kuchagua. Achukua daftari na kuandika majina ya wote aliowachukia, naye awafuta mmoja mmoja huku watu wakipiga makofi. Mwisho, ameyaharibu maisha ya Rena ampendaye, alitaja jina lake mwenyewe, akatoweka.

Shina la hadithi hii ni jema sana. Sote tumemwona mtu barazani ambaye, kwa kutafuta kicheko cha wenziwe, hutoa siri za nyumba yake: leo mke, kesho mama mkwe, kesho kutwa mtoto. Watu hucheka kweli. Lakini akirudi nyumbani ameipunguza nyumba, ijapokuwa yeye hajui bado ni kitu gani kilichopungua. Kulionyesha jambo hilo kwa kumfanya mtoto atoweke hasa, hata asiwe na kitanda wala picha ukutani, ni kazi ya fumbo lililo hai. Pale Samir anapomwulizia kijana yule, na watu wa nyumbani wanamtazama kama mgonjwa, tuliona baridi mwilini.

Lakini hadithi hii yachukua karibu saa nzima. Mzee atuambia sheria yake kwa maneno. Kisha mbwa atuonyesha sheria ile ile. Kisha kijana atuonyesha tena. Msikilizaji ameelewa, naye angojeshwa kama mgeni aliyekwisha kunawa mikono na chakula hakiletwi. Tena katika urefu ule wameingiza fumbo la pili, lile la mtu apewaye uwezo wa kuamua nani astahili kuishi na nani asistahili. Nalo ni fumbo zito, lafaa hadithi yake lenyewe. Mafumbo mawili katika kikapu kimoja yamebanana, hata la kwanza likasahauliwa kabla halijaiva. Serling katika dakika 25 hakuwa na nafasi ya kosa hili. Ufinyu wa saa ulimlazimisha kuchagua.

HADITHI YA PILI

Hadithi ya pili ni Nightmare at 30,000 Feet, yaani Jinamizi katika Futi 30,000. Yatoka katika hadithi ya kale ya mwaka 1963 iliyotungwa na Richard Matheson, ambayo futi zake zilikuwa 20,000. Katika ile ya kale, mtu aliyepona ugonjwa wa akili asafiri kwa ndege usiku pamoja na mke wake. Atazama dirishani, aona zimwi juu ya bawa linang'oa mitambo. Akiwaita watu, zimwi halipo. Je, aseme, naye ajua watamrudisha hospitali? Au anyamaze, wote wafe? Mwigizaji alikuwa William Shatner, na wengi waliotazama hawakulisahau dirisha lile. Mwisho achukuliwa amefungwa kama mwenda wazimu, lakini kamera yatuonyesha bawa, na kweli limeharibiwa. Ni habari ya shahidi asiyesadikiwa.

Watunzi wa sasa wameliondoa zimwi. Mahali pake wameweka chombo kidogo cha kusikilizia sauti, ambacho mwandishi wa habari jina lake Justin akikuta katika kiti chake. Akitia masikioni, asikia masimulizi ya namna ndege ile ile aliyopanda, namba 1015, ilivyopotea baharini. Basi ajaribu kuzuia. Amshuku huyu, amshuku yule, awasumbua wahudumu na abiria. Mtu mmoja tu amsadiki, rubani wa zamani aliyevunjika moyo; naye Justin amsaidia kuingia katika chumba cha marubani, na mtu huyo ndiye anayeiangusha ndege. Aliyetaka kuwaokoa ndiye aliyewapoteza.

Kugeuza hivi twakusifu. Wangeweza kutengeneza zimwi la kutisha zaidi kwa ufundi wa siku hizi, lakini wao waliuliza zimwi la watu wa leo ni lipi. Jibu lao ni kwamba hatari yetu ni habari zenyewe, sauti inong'onayo sikioni mchana na usiku kwamba msiba uko karibu na wewe peke yako wajua. Ni mara ngapi tumeona simu ikileta uvumi kijijini, na mtu mwenye nia njema akaupeleka kwa jamaa zake wote ili awaokoe, kumbe ndiye auwashaye moto!

Lakini hapa pia hawakujua mahali pa kukoma. Ndege ilipoanguka hadithi ilikuwa imekwisha. Wao wakaongeza kisiwa, abiria walionusurika, na Justin kuuawa na wenziwe kwa hasira. Tulipofika hapo hofu yetu ilikuwa imepoa. Waliweka pia sanamu ya lile zimwi la kale ielee pwani, iwe kama salamu kwa wazee waliotazama ile ya kwanza. Salamu ni njema, lakini haikusaidia hadithi yao.

HADITHI YA TATU

Sasa twaja kwa Replay, yaani Kurudia, iliyoonyeshwa tarehe 11 Aprili 2019, na mwandishi wake ni Selwyn Seyfu Hinds. Nina, mama mweusi, ampeleka mwanawe Dorian chuo kikuu kwa gari. Ana kamera ya video ya zamani iliyokuwa ya baba yake. Katika safari wakutana na polisi wa barabarani, mtu mweupe jina lake Lasky, na jambo dogo lageuka kuwa hatari. Mama agusa kitufe cha kurudisha kanda nyuma, na siku yenyewe yarudi nyuma. Wako tena mezani katika mkahawa, kama kwamba hapana kilichotokea.

Basi Nina ajaribu kila njia aijuayo. Abadili barabara, Lasky awafikia. Amwambia mwanawe anyamaze, aseme ndiyo bwana, mikono ionekane, haifai kitu. Arudi, aketi na Lasky mwenyewe kwa maneno mema, amwambie habari za mwanawe, apate kumwona kuwa mtu. Lasky amsikiliza, kisha awafuata vile vile. Katika mojawapo ya safari hizo mtoto apigwa risasi mbele ya mama yake. Mwisho aenda kwa kaka yake, katika mtaa aliozaliwa ambao aliukimbia zamani kwa aibu, na kaka ndiye anayewapitisha njia za uani hata lango la chuo. Langoni Lasky awakuta pamoja na polisi wenziwe. Nina asimama mbele yao na kamera yake, na watu wengi waliopo nao wanyanyua simu zao na kupiga picha. Polisi warudi nyuma.

Tulipoitazama hadithi hii ndipo tulipopata jibu la swali letu. Hapa jambo ambalo Serling alikatazwa mwaka 1956 limesemwa wazi. Rangi ya mama ni nyeusi, rangi ya polisi ni nyeupe, na kusini hakukuhamishwa kwenda kaskazini. Basi mtu angeweza kudhani kwamba fumbo halina kazi tena, na kwamba habari za magazeti zingetosha. Sivyo. Fumbo limehama mahali pake. Zamani lilifunika uso wa aliyedhulumiwa. Sasa uso u wazi, na fumbo liko katika kamera.

Na kamera yatuambia nini? Yatuambia jambo ambalo gazeti haliwezi kulionyesha. Kila mzazi wa watoto wale humfundisha mwanawe namna ya kusimama, namna ya kujibu, namna ya kuvaa, akiamini kwamba iko tabia moja iliyo sawa, na mtoto akiipata ataokoka. Nina apewa nafasi ambayo hapana mama aliyewahi kupewa, ya kujaribu tabia zote moja baada ya moja. Naye agundua kwamba hapana hata moja itoshayo, maana kosa halikuwa katika tabia ya mtoto. Ukilisema hivi kwa maneno makavu, msikilizaji atatikisa kichwa akaenda zake. Ukimpitisha pale mezani mara ya pili, ya tatu, ya nne, atalijua kwa tumbo lake. Kurudiarudia ambako katika hadithi ya kwanza kulituchosha, hapa ndiko hadithi yenyewe.

Tena kamera ina historia yake katika nchi ile. Mwezi wa Machi 1991 mtu mmoja wa Los Angeles alipiga picha kwa kamera ya namna hiyo, polisi wakimpiga Rodney King. Na mwaka uliofuata polisi wale wakaachiliwa, ijapokuwa dunia nzima ilikwisha kuona. Tarehe 25 Mei 2020, mwaka mmoja baada ya hadithi hii kuonyeshwa, George Floyd aliuawa na polisi katika mji wa Minneapolis, na simu ya mpita njia ndiyo iliyoleta ushahidi. Mwaka 2021 polisi yule alitiwa hatiani. Basi hadithi haikudanganya iliposema kwamba kamera ni shahidi wa nguvu, wala haikudanganya kwamba shahidi peke yake hatoshi.

Kosa lake moja ni pale langoni, ambapo Nina atoa maneno marefu ya kutueleza yale ambayo macho yetu yalikwisha kuyaona. Lakini mwisho wake wafuta kosa hilo. Miaka 10 yapita. Dorian ni mtu mzima, ana mtoto. Mjukuu aiangusha kamera, yavunjika. Dorian atoka jioni kununua kitu kidogo dukani. Nina abaki mlangoni, na juu ya uso wake twaona mwanga mwekundu na wa buluu wa gari la polisi. Hadithi yakoma hapo. Hapana aliyetuambia limetokea nini. Kazi ya kumaliza wameachiwa wasikilizaji, kama ipasavyo.

HUKUMU YETU

Yatupasa kusema neno juu ya Bwana Peele mwenyewe kama mtambaji. Avaa suti kama Serling, asimama kando kama Serling, sauti yake ni ya utulivu, na zile noti chache za gitaa alizotunga Marius Constant bado zatutia baridi. Ila maneno yake ya kufunga hadithi mara nyingi yarudia yaliyokwisha kuonekana. Serling naye alipenda maneno makubwa, hatukatai, lakini alikuwa na haraka ya kuondoka.

Kwa wazazi na walimu tunaongeza onyo. Ile ya kwanza ina matusi mengi, na ile ya pili ina kifo cha kikatili. Hazifai watoto wadogo. Atakaye kuwafundisha vijana na aanze na ile ya Maple Street ya mwaka 1960, kisha awaonyeshe Replay. Zikiisha asiwaeleze kitu. Awaulize tu: Wageni wa kilimani ni nani kwetu? Na sisi, katika safari ya Nina, tumekaa kiti gani?

Basi kwa ufupi twasema hivi. Uhuru waliopewa watunzi wa sasa ni mwingi kuliko ule wa Serling: hawakatwi maneno, hawapimiwi dakika, hawaogopi mwenye soda. Katika hadithi mbili za kwanza uhuru huo umewadhuru, kwa kuwa wamechukua mafumbo mema wakayanyosha hata yakalegea. Katika ya tatu wameutumia kwa kazi iliyostahili, yaani kulipa deni la mwaka 1955, wakampa mtoto wa Mississippi uso ambao televisheni ilimnyima. Kwa ajili ya hiyo moja twaona kazi ya kuzifufua haikuwa bure, nasi tutaendelea kuzitazama zilizobaki. Msomaji aliye na nafasi ya kuziona naye azipime kwa macho yake, maana katika mafumbo hapana awezaye kumng'amulia mwenziwe.